Mvua ni udhuru, kuficha si udhuru: Tunapokwama viwanja vya ndege

 

Ndugu Waislamu, baada ya darsa ya Alasiri hapa Muheza mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia msikitini. Kijana wake anafanya kazi ughaibuni, na kwa miaka mingi husafiri na shirika moja tu la ndege, linalomwandikia pointi kwa kila safari. Safari zilipofutwa kwa wingi, shirika hilo lilimwacha alale sakafuni uwanjani siku mbili, bila hata mtu wa kumweleza kinachoendelea. Sasa anataka kuhama. Je, huko si kuvunja uaminifu?

Uaminifu katika dini yetu ni ndugu wa amana, na amana ina pande mbili. Tiketi ni mkataba wa ijara: abiria amelipa nauli, naye mbebaji amejifunga kumfikisha. Aya ya kwanza ya Suratul-Maida inawaamuru waumini kutimiza mikataba, na haimtofautishi mwenye ndege na mwenye lori la machungwa. Hapa Muheza tunayajua haya. Mwenye shamba aliyechuma kwa miadi ya lori, lori lisipofika, mali yake huoza mbele ya macho yake, na hakuna anayemwambia kuwa msimu ujao ni wajibu wake kumngojea dereva yule yule. Pointi ni zawadi ya kumvutia mteja. Kuipokea hakuna ubaya (madhali haikuchumwa kwa kadi ya mkopo wenye riba, na hilo wengi hawalitazami), lakini haimfungi mtu.

Hata hivyo insafu inatutaka tupambanue. Imam Muslim amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaingiza mkono katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua iliyoinyeshea. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akajitenga na mwenye kughushi.

Tarehe 16 Aprili 2024, siku chache baada ya Idd, Dubai ilinyeshewa mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949. Emirates ilifuta safari karibu 400, na mizigo ipatayo 30,000 ikabaki nyuma. Mkuu wa shirika hilo, Tim Clark, aliwaandikia wateja barua ya wazi akiomba radhi na kukiri kwamba namna walivyolikabili tatizo ilikuwa mbali na ukamilifu. Akaeleza kuwa walitafuta vyumba vya hoteli zaidi ya 12,000 na kutoa vocha za chakula 250,000. Barua haikumrudishia usiku wake aliyekesha pale bila habari. Lakini kuweka nafaka iliyolowa juu ya lundo ndiko huko, na wenye maduka wengi miongoni mwetu hatujafika hapo.

Si kila mkwamo unatoka mbinguni. Novemba 2022 mgomo wa marubani wa Kenya Airways uliwakwamisha abiria wapatao 10,000, na miongoni mwa yaliyogombaniwa ni michango ya mfuko wa akiba ya wafanyakazi. Mwaka huo huo Air Tanzania iliegesha baadhi ya Airbus A220 zake kwa kasoro za injini, kasoro zilizoyasumbua mashirika mengine duniani pia. Sihukumu nani alikuwa na haki. Nasema tu kwamba shirika lolote linalojua kuwa ndege yake haitaruka kesho, likaendelea kuuza viti vya kesho, limeificha nafaka mbichi chini ya kavu. Msafiri wa Muheza anayetoka na watoto kufuata ndege Dar es Salaam, mwendo wa takriban kilomita 300, anastahiki kuambiwa kabla hajapanda basi.

Nawe uliyekwama, una hukumu zako. Katika madhehebu yetu ya Shafii, msafiri anayetarajia kuondoka leo au kesho, asijue lini, anaruhusiwa kupunguza swala za rakaa nne hadi siku 18. Na anaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Akijua tangu mwanzo kuwa atakaa siku 4 kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, atakamilisha. Usimtukane binti wa kaunta. Naye huenda hajalala, na si yeye aliyepanga ratiba.

Mzee yule nilimjibu kuwa kijana wake hajamsaliti yeyote. Kwanza adai nauli ya safari aliyofutiwa, na ikiwa shirika litakiri na kulipa, akipenda abaki nalo. Mzee akafikiri kidogo, akauliza: “Na zile pointi, Sheikh?” Nikamwambia azitumie zote kabla hajahama, maana alikwisha kuahidiwa.