Kingamwili za Ebola katika damu: si ugonjwa, ni alama ya vita iliyopita

Serikali ilipotangaza Ebola huko Bulape, jimbo la Kasai, tarehe 4 Septemba 2025, sisi wa mashariki tulikumbuka yetu. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020, Ebola ilipiga Kivu Kaskazini na Ituri, ikafika hadi Kivu Kusini. Wagonjwa 3 470, vifo 2 287. Watu 1 171 walipona, na hadi leo kuna jirani anayewasema pembeni: « Ule angali nayo mu damu. »

Watu wa labo nao wanasema kuna kitu kimebaki katika damu ya aliyepona. Ni kitu gani, na wanakionaje?

Kinachobaki ni walinzi

Mwili ukishambuliwa na virusi, unatengeneza walinzi wanaoitwa kingamwili, au antikoo kwa wale waliosoma Kifaransa. Wa kwanza kutoka ni IgM, nao hupungua mapema. Kisha wanakuja IgG, na hao hukaa miaka mingi. Watafiti walipima watu 14 waliopona Ebola ya kwanza, ile ya Yambuku ya 1976. Miaka 40 ilikuwa imepita, na wote walikuwa bado na kingamwili.

Kwa hiyo IgG ikionekana, inasema mwili ulikutana na Ebola zamani. Haisemi kwamba virusi viko ndani leo. Ni kweli virusi vinaweza kujificha miezi mingi katika manii ya mwanaume aliyepona, ndiyo maana anafuatiliwa na kushauriwa kondomu. Lakini hiyo inatafutwa kwa egzame ingine, ile ya PCR, inayotafuta virusi vyenyewe.

Reaktifi inayotambua kingamwili ya mtu

Kingamwili haionekani kwa macho. Fundi wa labo anachukua kisahani chenye vishimo 96, ambamo wamebandika kipande cha virusi kisichoambukiza. Anaweka maji ya damu ya mtu. Kama kuna kingamwili za Ebola, zinashika kile kipande. Anaosha, kisha anaongeza reaktifi: kingamwili ingine, iliyotengenezwa kutambua IgG ya binadamu tu, na iliyofungiwa enzimu. Anaosha tena, anaweka dawa ya rangi. Rangi ikitokea, kingamwili zipo. Isipotokea, hazikuonekana.

Reaktifi hiyo mara nyingi ni monoklonali. Njia yake ilipatikana Cambridge, Uingereza, mwaka 1975, na Georges Köhler na César Milstein, waliopata Nobel mwaka 1984. Panya anachomwa sindano ya IgG ya binadamu, mwili wake unatengeneza kingamwili dhidi yake. Chembe za bandama yake zinaunganishwa na chembe za kansa zisizochoka kuzaa. Wanachagua chembe moja, na uzao wake wote unatoa kingamwili ileile. Faida yake ni kwamba chupa ya mwaka huu inafanya kazi sawa na ya mwaka kesho, na ikichaguliwa vizuri haichanganyi IgG na IgM.

Hapa kwetu neno monoklonali linajulikana zaidi kwa matibabu. Ebanga ilitokana na kingamwili ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, ikajaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Ile ya labo ni ya ukoo huohuo, ila haiponyeshi mtu: kazi yake ni kuonyesha.

Na waliochanjwa je?

Hapa ndipo kosa ni rahisi. Katika mlipuko ule watu zaidi ya 300 000 walipewa chanjo ya Ervebo. Chanjo hiyo inafundisha mwili kipande kimoja tu cha virusi, kinachoitwa GP. Labo ikipima kingamwili za GP peke yake, aliyechanjwa anaweza kutoka « positifu » sawa na aliyeugua. Ili kuwatofautisha, wanapima pia kingamwili za kipande kingine, NP, ambacho hakimo katika chanjo. Bila hivyo, mtu aliyejikinga anaweza kuitwa mgonjwa wa zamani, naye hakuugua hata siku moja.

Kurant ikikatika

Reaktifi hizi zinatoka nje ya nchi, na nyingi zinatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, uwanja wa ndege ulifungwa, na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa ulieleza wasiwasi juu ya labo ya INRB inayotunza sampuli za Ebola, kama umeme ungekatika. Watu waliogopa virusi kutoka, na walikuwa na haki. Lakini hatari ingine haina kelele: reaktifi iliyoharibika na joto inaweza kushindwa kutoa rangi, na labo ikaandika « negatifu » ya uongo. Ndiyo maana kila kisahani kinapaswa kuwa na damu inayojulikana kuwa na kingamwili na ingine isiyo nazo. Hizo mbili zikijibu vibaya, matokeo yote yanatupwa.

Ndugu msomaji, ukipewa karatasi ya labo, uliza munganga mambo matatu: wamepima virusi au kingamwili? Ni IgM au IgG? Na wameandika kama ulichanjwa? Kabla ya majibu hayo, « positifu » isikufukuzishe kazi, wala isimtoe jirani kwenye kisima.