Daftari la Wiki: Kucha Zina Kumbukumbu

Jumamosi

Nikiwa namenya viazi nimeona kitu kwenye kidole gumba cha kulia. Mbonyeo mwembamba umekatiza ukucha toka upande hadi upande, kama alama ya uzi uliokazwa. Nikageuza gumba la kushoto. Nalo lina wake. Nikaazima rula ya mtoto, nikapima kutoka shinani: milimita 9.

Ukucha wa mkono hurefuka kama milimita 3 kwa mwezi. Gawa 9 kwa 3, unapata miezi mitatu. Na miezi mitatu iliyopita nilikuwa kitandani na malaria, homa imenishika hadi nawaita wanangu kwa majina ya wadogo zangu. Mwili ukielemewa namna hiyo, kiwanda cha ukucha kilichojificha chini ya ngozi husimama kwa muda. Kikianza tena, mahali kiliposimama panabaki na alama. Daktari wa Kifaransa, Joseph Honoré Simon Beau, aliieleza mistari hii mwaka 1846, na hadi leo madaktari wanaiita kwa jina lake.

Kumbe hapa nyumbani mwenye daftari si mimi peke yangu.

Jumapili

Asubuhi mtaani zimesikika chupa zikigonganishwa, kli-kli-kli. Ni kijana wa kupaka rangi kucha, kikapu mkononi na beseni kwapani. Binti wa jirani alimwita kabla hajafika konani, nami nikakaa barazani kutazama.

Kwa rangi, fundi hasa. Hakuna tone lililovuka mpaka. Ila mkasi uliotoka kwa mteja wa mtaa wa pili ulimfikia huyu binti bila hata kufutwa, na kazi yake ya kwanza ikawa kukata ile ngozi nyembamba inayokumbatia shina la ukucha. Wengi tunaiona kama uchafu. Kumbe ndiyo inayoziba mlango, maji na vijidudu visipenye. Na virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa kwenye kifaa kikavu kwa siku 7 vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza.

Sikutaka kumharibia riziki mbele ya mteja. Alipomaliza nikamwambia pembeni: mwanangu, kila mteja awe na mkasi wake na tupa yake, na ile ngozi isukume tu kwa kitambaa chenye unyevu. Akacheka. "Mama, kila mtu akija na vyake, si nafuu kwangu? Kila mwezi nanunua mikasi."

Jumatatu

Mchana, kwa mama lishe. Nimekaa karibu na ndoo ya kunawia, na ukaaji huo ni elimu. Kabla ya kula, wateja walipitisha ncha za vidole kwenye maji, wakakung'uta, wakaketi. Sabuni ilikaa pale kavu kama mgeni asiyesalimiwa. Baada ya kula, wote waliigombea, wakasugua mpaka kwenye vifundo, maana samaki wa nazi hana siri.

Yaani tunalinda shati lisipate mchuzi, tumbo halina mtetezi. Mayai ya minyoo hayanuki. Ndiyo bahati yao. Yanakaa chini ya kucha yakisubiri tonge la ugali. Sabuni kabla, sekunde 20, na ncha za kucha zikwaruzwe kwenye kiganja cha pili ili povu liingie chini yake. Baada ya hapo shati nalo lina haki yake.

Jumanne

Soko la samaki la Feri, kununua changu. Kaka anayenipara samaki siku zote leo alikuwa anafanya kazi kwa vidole vinne. Cha kati kimevimba shinani, ngozi inang'aa. "Mdudu wa kidole," akasema. "Nikimfukuza, baada ya mwezi karudi."

Huwa tunadhani maji hayawezi kuudhuru ukucha. Ukweli ni kwamba ukucha hunywa maji ukavimba, ukikauka unanywea. Fanya hivyo mara thelathini kwa siku, nao utaanza kuchanika matabaka kama kitunguu, na ile ngozi ya shinani italegea na kuwapisha fangasi. Ndivyo inavyowapata wapara samaki, wafua nguo kwa sabuni ya unga, na wanaoosha vyombo hotelini. Kunawa lazima tunawe. Kinachosaidia ni glavu za mpira panapowezekana, kukausha mikono hadi katikati ya vidole, kisha mafuta. Kidole kikianza kupwita na kutunga usaha, hapo ni zahanati, si sindano ya kushonea.

Jambo la pili nililomwambia ni la ndimu. Alikuwa anajisugulia kuondoa shombo, halafu anarudi kusimama juani. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi inaweza kuungua, ikatoa malengelenge na kuacha mabaka meusi kwa wiki kadhaa. Ndimu iondoe shombo, sabuni iondoe ndimu, ndipo utoke nje.

Jumatano

Kuna harusi nyumba ya tatu, na bibi mwenye mkono wa hina amewekwa uani kwenye mkeka. Nikamwamkia, akaniitikia bila kuinua macho, kidole cha biharusi mkononi.

Nilimuuliza kwa nini wengi hapa huchagua hina badala ya rangi ya chupa. Akasema rangi inakaa juu ya ukucha kama plastiki, maji ya udhu hayafiki. Hina inazama ndani. Sayansi iko upande wake: rangi ya hina hushikana na keratini, kitu kilekile kinachoujenga ukucha, kwa hiyo haioshwi ikatoka. Hungoja ukucha ukue. Ndiyo maana ukimwona mtu mwenye kucha nyekundu na ukingo mweupe shinani, unaweza kukisia alitoka harusini lini.

Piko je? Bibi akasonya. Ule weusi mara nyingi ni rangi ya nywele, yenye kemikali iitwayo PPD, na amewahi kumwona biharusi aliyeingia ukumbini mikono imefura. "Chanda chema huvikwa pete," akasema, "hakivikwi malengelenge."

Alhamisi

Mwenzangu ofisini ana vidoa vyeupe kwenye kucha na ameshanunua vidonge vya kalsiamu. Nilimuuliza anavyofungua makopo ya soda: kwa ukucha. Vidoa hivyo kwa kawaida ni kumbukumbu ya kugonga na kubinya shina la ukucha wiki kadhaa nyuma, na vitasogea hadi nchani vikatwe. Vidonge havina la kufanya hapo.

Akataka nimwandikie utaratibu wa nyumbani, nikamwandikia nyuma ya risiti. Kila ukinawa, kausha, kisha paka mafuta ya nazi au ya mgando, hasa shinani mwa kucha. Kabla ya kulala, rudia. Mara moja kwa wiki, kata na piga tupa kuelekea upande mmoja, usiende na kurudi. Ukipaka rangi, zipe kucha siku za kupumzika, na asetoni uitumie kwa uchache. Mtoto anayetafuna kucha, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa yatazungumza naye vizuri kuliko wewe.

Nikaongeza mstari wa mwisho. Sisi weusi mara nyingi tuna mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa, na kwa kawaida si ugonjwa. Lakini mstari mpya kwenye ukucha mmoja, unaopanuka, upelekwe kwa daktari. Saratani iliyomuua Bob Marley mwaka 1981, akiwa na miaka 36, iligunduliwa mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole cha mguu.

Ijumaa

Siku ya kukata. Nimeoga kwanza, ukucha umelainika. Nimekata kwa kunyoosha na kuviringisha pembe kidogo tu. Katika hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik, kucha zisiachwe zaidi ya siku 40. Kwa siku hizo ukucha huwa umeongezeka kama milimita 4, na wanaokanda unga wanajua hizo ni nyingi.

Bibi yangu alikuwa hakubali kucha zikatwe usiku. "Ngoja kukuche," alikuwa akisema, nami utotoni niliamini ndiyo sababu zinaitwa kucha. Taa yake ilikuwa koroboi na kifaa chake kilikuwa wembe, kwa hiyo siku hizi namwelewa.

Nimepima tena mbonyeo wangu. Rula ya mtoto inasema 9 na kidogo. Kwa mwendo huu malaria yangu itafika nchani baada ya miezi miwili hivi. Nitaikata, nitaifukia chini ya mpapai kama bibi alivyonifunza, na leo nimenunua chandarua kipya.