HEWA YA MPAKIZI HAIPIMWI



Sisi huitwa watu wa gari la moshi, na moshi tunaujua. Mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta kansa. Aliyeshinda ndani ya shedi injini ikinguruma hakushangaa. Lakini leo twasema kwa ajili ya ndugu zetu wa viwanja vya ndege, maana moshi wao hauonekani, na kisichoonekana Serikali hukisahau upesi.

Serikali inayo siasa ya hewa, hatukatai. Kenya imo katika mpango wa CORSIA uliopatanwa Montreal mwaka 2016. Makampuni ya ndege yanahesabu gesi ya kaboni ya safari za nchi za nje, na ikizidi kiasi wanalipia ipunguzwe mahali pengine, pengine kwa kupanda miti. Vizuri. Lakini mpango huo unahesabu kaboni tu. Mpakizi aliyeinama chini ya bawa anavuta masizi, na mti uliopandwa mbali haumsafishii kifua.

Chembe za masizi ya ndege ni ndogo mno. Kanuni zetu za hewa za mwaka 2014 zinapima vumbi kwa uzito wake, na chembe hizi karibu hazina uzito. Ni kama kupima mbu kwa mizani ya magunia, kisha useme nyumba haina mbu!

Kule Copenhagen, Denmark, wafanya kazi na chama chao walidai hewa ya pale ndege zinapoegeshwa ipimwe. Ikapimwa. Chembe hizo zikakutwa nyingi kuliko katika barabara ya mjini yenye magari tele. Na baadhi ya wagonjwa wa kansa wa uwanja ule wakakubaliwa kuwa ugonjwa wao umetoka kazini.

Tusiambiwe Kenya haiwezi. Katika Uwanja wa Moi, Mombasa, mradi wa ICAO na Jumuiya ya Ulaya uliweka umeme wa jua, ndege iliyoegeshwa ivute umeme badala ya kuwasha injini yake ndogo ya mkiani. Hesabu iliyotangazwa ilikuwa tani 1,300 za kaboni kwa mwaka. Mtu anayesimama nyuma ya mkia ule hakutiwa katika hesabu.

Tena kuna jambo linalotuchoma. Mafuta ya ndege na mafuta ya taa ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka 2018 mafuta ya taa yalitozwa shilingi 18 kwa lita, eti kukomesha wachanganyaji. Mama wa chumba kimoja akalipa. Mafuta ya ndege iendayo Ulaya, kwa desturi ya mataifa, hayatozwi kodi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe ndani yake. Ndugu wa uwanjani, wajumbe wenu ni nani? Walikaa lini? Liandikwe humo dai la kwanza: chembe zihesabiwe pale mnaposimama, si juu ya paa la ofisi, na matokeo yabandikwe ubaoni kwa Kiswahili.