KOMPYUTA YA GEMU: TUANZE NA UMEME, SI TAA ZA RANGI

Katika toleo hili ningependa kutoa maoni yangu kuhusu jambo linalobishaniwa sana bwenini baada ya prepu: mtu akipata vipesa kidogo, anunue vifaa gani ili aunde tarakilishi, au kompyuta kama tunavyosema wengi, ya kuchezea gemu kwa mara ya kwanza?

Wengi hujibu haraka haraka. Kadi kubwa ya grafiki kwanza, kasha la kioo lenye taa za rangi, halafu hayo mengine tutaona mbele. Mimi napinga. Maoni yangu ni kwamba mtu wa Wajir anafaa kuanza na umeme na joto, na kadi ya grafiki iwe ya mwisho. Sababu zangu ni hizi.

Mosi, umeme. Mji wetu kwa miaka mingi ulitegemea jenereta za dizeli za hapa hapa, bila kuunganishwa na gridi ya taifa. Sote tunajua stima inavyopotea ghafla na kurudi kwa kishindo. Ikirudi hivyo, kifaa cha kwanza kupigwa ni pawa-saplai, yaani kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya mashine. Ikiwa ni duni haifi peke yake. Inaweza kwenda na ubao mkuu pamoja na diski. Makasha ya bei rahisi mara nyingi huuzwa yakiwa na pawa-saplai iliyoandikwa wati 500, lakini maandishi si umeme, jamani. Tafuta yenye alama ya 80 Plus kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana. Kwa mashine ndogo wati 450 zinatosha kabisa. Ongeza UPS ndogo, ili stima ikipotea upate dakika chache za kuzima taratibu.

Walio na sola nao wapige hesabu kabla ya kununua. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Ikiwa ni ile ya asidi, si vizuri kuimaliza kupita nusu, kwa hivyo umebaki na 600. Mashine inayokula wati 200 wakati wa kucheza itaimaliza nusu hiyo kwa saa 3, au hata kabla, maana inveta pia hula chake. Mashine ya wati 400 haifikishi hata saa moja na nusu. Sasa kadi kubwa ina faida gani?

Pili, joto na vumbi. Feni haiwezi kupoza prosesa ikawa baridi kuliko chumba chenyewe. Chumba chenye nyuzi 20 kule Limuru na chumba chenye nyuzi 35 hapa kwetu vinatofautiana kwa nyuzi 15, na hizo zote zinaingia ndani ya kasha. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 95 au 100 hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Yaani umelipia mbio, unapewa mwendo wa kobe. Kwa hivyo chagua kasha lenye wavu mbele, si kioo, na feni mbili. Liweke juu ya meza, mbali na sakafu, na ulifungue kila mwezi ulipanguse kwa brashi kavu. Huku kwetu hakuna anayenunua ngamia kwa uzuri wa kengele ya shingoni. Hutazama miguu na meno. Taa za rangi ni kengele tu.

Tatu, vifaa vyenyewe. Naona njia mbili. Ya kwanza ni prosesa yenye grafiki ndani yake, kama Ryzen 5 5600G ya mwaka wa 2021, inayotumia wati 65. Hiyo huendesha gemu za kandanda na hata GTA V, iliyofika kwenye kompyuta mwaka wa 2015, ukipunguza ubora wa picha. Ila nunua ramu mbili za gigabaiti 8 badala ya moja ya 16, kwa sababu grafiki ya ndani hukopa ramu, na mbili zikifanya kazi pamoja huipa kasi zaidi. Kadi utaongeza siku za mbele. Haba na haba hujaza kibaba.

Ya pili ni kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika, kama zile zinazouzwa Nairobi, kisha kuitia kadi ndogo. GTX 1650 ya 2019 hutumia wati 75, na aina zake nyingi hazihitaji waya wa ziada. Lakini pima nafasi ndani ya kasha kwanza, maana kasha jembamba hulikataa kadi la kawaida. Uliza pia prosesa ni ya kizazi gani. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hutaka Intel ya kizazi cha 8 kuendelea. Kadi kubwa zilizotumika nazo zichunguzwe vizuri. Nyingi zilichimba sarafu ya Ethereum usiku na mchana hadi kazi hiyo ilipokoma Septemba 2022. Omba uione ikicheza gemu nusu saa kabla ya kutoa pesa. Kutoka Wajir hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 600. Kurudisha kitu kibovu si mchezo.

Najua wazee watasema gemu ni upuzi. Kwa heshima, nawaomba wakumbuke Mkenya Wesley Kirinya, aliyetoa gemu yake ya kompyuta, The Adventures of Nyangi, mwaka wa 2007. Mashine ya kuchezea ndiyo hiyo hiyo ya kutengenezea. Wengine watasema nunua PlayStation tu. Sawa, lakini hiyo haikuandikii insha wala kukufundisha kuandika programu.

Wenzangu, pesa za mashine hizi hazitoki mbinguni. Mara nyingi ni mjomba au mama ameuza mbuzi, na baada ya ukame wa 2020 hadi 2023 tunajua mbuzi aliyebaki ana thamani gani. Mbuzi huyo asiuzwe kwa kitu kitakachoungua siku stima inaporudi. Pawa-saplai na UPS kwanza, kasha lenye hewa, prosesa na ramu, halafu kadi mwishowe. Asiyekubaliana nami achukue kalamu anijibu katika toleo lijalo.