Simu imeapdetiwa, stetimenti imekataa: usikimbilie saiba kwanza

Kila apdeti kubwa ya simu ikitoka, siku chache baadaye malalamiko yanaanza kuingia kwetu, na karibu yote yanafanana. "Nimeapdeti simu, sasa stetimenti mliyonitumia kwa barua pepe haikubali kuwa PDF." Mmoja anapata ukurasa mweupe. Mwingine anaambiwa faili imehifadhiwa, lakini akiitafuta haioni. Na wote wana haraka, maana hakuna mtu huitisha stetimenti ya miezi sita kwa kujifurahisha. Sacco inaitaka kesho asubuhi, au ubalozi, au mwenye nyumba mpya.

Maoni yetu ni haya: wengi wenu hamna haja ya kubadilisha kitu chochote. Stetimenti tunayotuma tayari ni PDF. Imeambatishwa chini ya barua. Ukibonyeza "Print" ukiwa kwenye barua yenyewe, utakachopata ni PDF ya salamu zetu, yaani nembo na "Mpendwa mteja", bila shilingi hata moja ya hesabu zako. Apdeti huhamisha vitufe, na mtu aliyezoea kubonyeza mahali fulani kwa mazoea sasa anabonyeza kingine. Shuka chini, gusa faili iliyoambatishwa, ipakue. Umemaliza.

Ikipakuliwa lakini inaonyesha ukurasa mtupu, kumbuka faili hiyo ina kufuli. Baada ya apdeti, simu inaweza kuanza kufungua PDF kwa apu tofauti na ile uliyokuwa ukitumia, na si kila apu inajua kukuuliza nenosiri. Nyingine hunyamaza tu. Jaribu kuifungua kwa apu nyingine ya kusomea PDF kabla ya kuamua kwamba faili imeharibika.

Ikiwa imepotea, mara nyingi haijapotea. Tangu Android 11 ya mwaka 2020, apu haziruhusiwi tena kuandika popote zinapotaka kwenye simu, na apu uliyokaa miezi mingi bila kuigusa inaweza kunyang'anywa ruhusa ulizoipa. Kwa hiyo ile folda yako ya zamani, "Stetimenti za Sacco", huenda iko palepale ila apu haiwezi kuifikia. Angalia kwanza kwenye Downloads, kisha nenda kwenye mipangilio uirudishie apu ruhusa yake.

Kuna pia siku ambazo tatizo si lako wala letu. Machi 2021, apu nyingi za Android, Gmail ikiwemo, zilikuwa zikijifunga zenyewe kwa sababu ya hitilafu kwenye Android System WebView, kile kipande cha mfumo kinachosaidia apu kuonyesha kurasa za wavuti. Dawa ilikuwa kuapdeti WebView na Chrome kutoka Play Store, basi. Watu walikuwa wameshafuta apu na kuziweka upya mara tatu. Kwa hiyo ukitoka kuapdeti simu, apdeti na apu zako pia, halafu uizime na kuiwasha, kabla hujalaumu mtu.

Wenye kompyuta ya Windows, kama "Microsoft Print to PDF" imetoweka kwenye orodha ya printa baada ya kupanda toleo, itafute kwenye sehemu ya kuwasha na kuzima vipengele vya Windows. Huwa imezimwa tu.

Sasa tuje kwenye kinachotukosesha usingizi. Mtu akishakwama, hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama anaingia kwenye tovuti ya bure ya kubadilisha faili, anapakia stetimenti pamoja na nenosiri lake, ama anakimbia saiba na kufungua barua pepe yake kwenye kompyuta ya mtu. Hatusemi wenye saiba ni wezi. Wengi wamewasaidia watu kuliko sisi. Lakini ukisahau kutoka kwenye akaunti, anayekalia kile kiti baada yako amekalia barua zako zote, pamoja na zile za kubadilishia nenosiri la huduma nyingine.

Na stetimenti si yako peke yako. Ina watu uliowatumia pesa: mama mboga, shemeji, mweka hazina wa chama, daktari. Jinsi unavyoishi imeandikwa pale kwa tarehe na saa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ipo, ndiyo, lakini jaribu kuidai haki yako kwa tovuti isiyojulikana ofisi yake iko nchi gani.

Kuna jambo wengi hawalijui: ukifungua stetimenti yenye kufuli halafu ukaichapisha upya kwa "Save as PDF", nakala mpya kwa kawaida haina kufuli. Ni rahisi kutuma, kweli, na ndiyo maana watu wanaipenda. Lakini nayo inabaki Downloads, wazi, siku utakayompa fundi simu abadilishe kioo. Sacco ikikubali kupokea faili yenye kufuli, itume hivyo hivyo, na nenosiri ulipeleke kwa njia nyingine, kwa simu ama ana kwa ana.

Lawama nyingine ni zetu. Stetimenti tunaiambatisha, lakini risiti za malipo bado tunaziandika ndani ya barua yenyewe, na mtu anayehitaji risiti ya karo hana budi kuibadilisha mwenyewe. Tunaona hilo ni kosa la huduma, si la mteja, na kampuni yoyote inayotuma risiti za pesa ingepaswa kuambatisha PDF tangu mwanzo. Mpaka tulirekebishe, kwa risiti hizo fungua barua kwenye Gmail, gusa vitone vitatu vya ile barua, "Print", kisha "Save as PDF". Kwenye iPhone, ukifika kwenye picha ya ukurasa ndani ya "Print", tumia kitufe cha kushiriki kuihifadhi.

Ukishatuma kwa Sacco na wakathibitisha wameipata, rudi Downloads ufute ile nakala isiyo na kufuli. Na pipa la taka la simu pia, maana huko faili hukaa siku kadhaa kabla ya kuondoka kabisa.