Picha Mbichi Isitupwe

Mwaka 2019 tulimwoza binti yetu huko Shanwe, katika Manispaa ya Mpanda. Mama mkubwa, ambaye maisha yake yote alikuwa akikimbia kamera, siku hiyo alikubali. Aliketishwa mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, saa sita mchana, jua likiwaka. Picha ilipoletwa, ukuta ulikuwa uking'aa vizuri mno, ilhali uso wa mama mkubwa ulikuwa kivuli kitupu. Mwaka uliofuata alifariki, na hatuna picha yake nyingine.

Tulimwendea mpiga picha tukamsihi autie uso nuru. Alijaribu kwa uungwana, lakini uso ukatoka wa kijivu wenye mabaka. Nilipomwuliza kama alikuwa ameihifadhi picha mbichi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za chakula.

Sisi tuliokua enzi za filamu tulijua kwamba picha ya karatasi haikuwa mwisho wa mambo. Bahasha ya studio ilikuja na filamu yake, na kwa filamu ile fundi wa chumba cha giza aliweza kuisafisha picha upya. Aliukinga uso kwa kipande cha karatasi ngumu wakati taa ikimulika, ukatoka na nuru zaidi. Wengi hudhani kamera za leo hazina kitu cha namna hiyo. Kipo, nacho ndicho hiyo picha mbichi.

Kamera inapopiga hupima mwanga katika kila nukta, na aghalabu kipimo hicho huwa na ngazi 4,096 au 16,384, toka giza hadi weupe. Ukiiamuru itoe picha ya JPEG, huipika papo hapo: huchagua rangi, huongeza ukali, hubakiza ngazi 256 tu kwa kila rangi, kisha huibana ili iwe ndogo. Mengine yote huyatupa. Katika kutupa huko, anayeumia kwanza ni aliye kivulini, yaani mtu mweusi aliyekaa mbele ya ukuta mweupe. (Mahali palipochomwa na jua hadi pakawa peupe kabisa hapaponi hata kwa picha mbichi, hilo nalo tulijue.)

Chumba cha giza cha leo ni programu ya kompyuta. Zipo za kulipia, na zipo za bure, kama darktable iliyoanza mwaka 2009, na RawTherapee. Tena chumba hiki hakiachi kutengenezwa. Kwa miaka ya karibuni darktable imekuwa ikitoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka, katikati ya mwaka na karibu na Krismasi. Mwaka 2023 kampuni ya Adobe ilitoa njia mpya ya kuondoa chembechembe katika picha zilizopigwa penye mwanga hafifu, nayo ilipotoka ilikubali picha mbichi tu. Basi mtu aliyehifadhi picha mbichi ya mwaka 2010 anaweza kuisafisha leo ikatoka nzuri kuliko siku ilipopigwa. Programu ijayo huenda ikamfaa zaidi. Aliyebaki na JPEG peke yake hatafaidi sana.

Kuna usumbufu, sikatai. Picha mbichi moja ya kamera ya nukta milioni 24 huweza kufikia megabaiti 25 au zaidi, na kadi hujaa upesi. Kila kampuni ya kamera ina namna yake ya kuiandika, na kamera mpya huweza kukataliwa na programu ya zamani. Kwa sababu hiyo Adobe ilitangaza mwaka 2004 mtindo wa wote, uitwao DNG, ambao hata baadhi ya simu za mkononi huutumia. Tazama mipangilio ya kamera ya simu yako, huenda umo.

Desemba hii tuna arusi nyingine Shanwe. Safari hii, kabla ya kupatana bei, tulimwambia mpiga picha kwamba twataka JPEG na picha mbichi pamoja, zote tukabidhiwe katika diski yetu. Alisema kadi yake haitatosha, tumnunulie ya pili. Tumeinunua.