Mshale na Maelekezo: Funzo la Ualimu kutoka Michezo Miwili ya Kompyuta

Mambo mawili ambayo mwalimu huyachanganya kwa urahisi ni kumwelekeza mwanafunzi na kumfikisha. Anayeelekezwa hupewa habari za njia, kisha akaenda mwenyewe. Anayefikishwa hushikwa mkono hadi mlangoni. Wote wawili hufika, na mkaguzi aliyesimama mlangoni hawezi kuwatofautisha. Tofauti yao huonekana siku wanapotakiwa kwenda tena peke yao.

Katika makala haya nataka kulijadili jambo hilo kwa mfano ambao huenda ukawashangaza baadhi ya wasomaji, yaani michezo miwili ya kompyuta, mmoja wa zamani na wa pili uliotungwa kuufuata. Sisi wakufunzi tumezoea kuiona michezo hii kama adui wa masomo, na mara nyingi huwa ni adui kweli. Lakini mtungaji wa mchezo ana kazi inayofanana sana na yetu: anampokea mtu asiyejua lolote, na asipomfundisha vizuri mtu huyo atauzima mchezo na kwenda zake. Wanafunzi wetu hawana uhuru huo wa kutuzima. Kwa hiyo makosa yetu hudumu zaidi kuliko yake.

Michezo yenyewe

Michezo ninayoizungumzia ni Morrowind, uliotolewa mwaka 2002, na Oblivion, uliotolewa mwaka 2006. Yote ni kazi ya kampuni ya Bethesda ya Marekani, na yote ni ya mfululizo uitwao The Elder Scrolls. Katika kila mmoja mchezaji huchukua nafasi ya mtu mmoja katika nchi ya kubuni yenye wachawi, mazimwi na wafalme. Hutembea atakako, huzungumza na wenyeji, hupewa kazi za kutimiza, na stadi zake hukua kadiri anavyozitumia: mwenye kupiga upanga huzidi kuujua upanga, na mwenye kuruka huzidi kuruka. Katika michezo yote miwili mchezaji huanza akiwa mfungwa anayepata uhuru. Kufikia hapo ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Wanaachana katika namna ya kumwongoza mgeni.

Niliifahamu michezo hii kwa mpwa wangu wa sekondari wakati wa likizo. Yeye alianza na Oblivion, akaumaliza, ndipo akafungua Morrowind. Kijana aliyekuwa bingwa wa mchezo wa pili alisimama kwenye kijiji cha bandari cha Seyda Neen, mahali mchezo wa kwanza unapoanzia, akazunguka mara tatu, kisha akaniuliza: "Mjomba, mshale uko wapi?" Nikamwuliza yule ofisa aliyempa kifurushi alimwambia nini. Akajibu kwamba hakusoma.

Jibu hilo nililitafakari kwa muda mrefu kuliko mchezo wenyewe.

Maelekezo na mshale

Katika Morrowind kazi hutolewa kwa maneno. Mchezaji huambiwa apeleke kifurushi katika mji wa Balmora kwa mtu aitwaye Caius Cosades, na kwamba akifika huko aulizie. Hakuna alama inayomwonyesha nyumba. Baadaye hutumwa katika magofu ya Arkngthand kutafuta kijisanduku cha mafumbo, naye huelezwa njia kama tunavyoelezana vijijini: utaipita ngome ya Moonmoth, utafute daraja la kale juu ya korongo la Foyada Mamaea, na ukifika utakuta mpini wa kuzungusha ndipo mlango ufunguke. Maneno hayo huandikwa katika daftari la safari, na mchezaji huyarudia kila anapopotea. Ni lazima asome, akumbuke, atazame mlima na mto, apime, akosee, arudi. Akitaka kwenda mbali hupanda mdudu mkubwa wa kubeba abiria au mashua, na kila chombo kina vituo vyake. Kwa hiyo baada ya siku chache huwa anaijua nchi kwa kichwa.

Katika Oblivion mambo ni mengine. Mchezaji hupewa mkufu wa kifalme aupeleke kwa Jauffre, karibu na mji wa Chorrol. Mara hiyo hiyo mshale hutokea katika dira iliyo chini ya kioo, nao humwongoza hadi kwa mtu mwenyewe. Tena akifungua ramani anaweza kuuchagua mji mkubwa na kujikuta yuko huko papo hapo, bila kuiona njia.

Wapo watakaosema kwamba asiyeutaka mshale auache. Hoja hiyo haisimami. Kwa kuwa mshale upo, watungaji waliacha kuwapa wenyeji maneno ya kuelekeza. Mara nyingi mtoa kazi husema tu kwamba ameitia alama mahali hapo katika ramani yako, akanyamaza. Ukiufumba macho mshale, hubaki na maneno ya kukufikisha. Hapa ndipo penye hatari ambayo mwalimu anapaswa kuiona: msaada unaomfikisha mwanafunzi haukai kando ya maelezo; huyala maelezo. Mwalimu mwenye njia ya mkato polepole huacha kueleza, kisha husahau namna ya kueleza, na hatimaye husadiki kwamba hapakuwa na jambo la kuelezwa.

Pale mchezo wa pili unapoushinda wa kwanza

Haitakuwa haki kuusifu mchezo wa zamani kwa kila jambo, kama wafanyavyo wapenzi wake wengi. Ualimu mbaya umo ndani yake pia, nami nitataja mambo matatu.

Kwanza, Morrowind unamtaka mchezaji achague aina ya kazi na stadi zake kuu hapo mwanzoni, kabla hajaonja hata moja. Oblivion humpitisha kwanza katika mapango yaliyo chini ya gereza, na kila stadi humfundisha pale inapohitajika: panya akitokea, upanga, mlango ukiwa umefungwa, kufungua kufuli, adui akigeuka, kunyatia. Na kabla hajatoka nje huulizwa iwapo angependa kuubadili uchaguzi wake. Huo ni ualimu safi. Kujaribu kwanza na kuamua baadaye ni bora kuliko kuamua gizani.

Pili, katika Morrowind mchezaji mchanga huona upanga wake umemgusa mnyama, lakini mchezo huhesabu kwamba amekosa, kwa sababu ya bahati nasibu inayochezwa ndani bila yeye kuiona. Hukosa mara kumi asijue kosa lake ni nini. Je, hilo lina tofauti gani na mwalimu anayejaza alama za mkato mwekundu daftarini bila neno moja la maelezo? Oblivion uliliondoa tatizo hilo: kinachogusa kimegusa, ingawa stadi ndogo hutoa pigo dogo.

Tatu, daftari la safari la Morrowind lilikuwa limejazwa kila kitu kwa mfuatano wa siku, hata mchezaji mwenye kazi ishirini hakuweza kuipata moja. Ilibidi nyongeza ya mchezo huo iitwayo Tribunal, ya mwaka huo huo wa 2002, ilete njia ya kuyapanga maandishi hayo kwa kazi. Maelekezo mazuri yaliyotupwa ovyo ni sawa na ubao uliojaa maandishi mazuri ambayo hakuna anayejua yaanzie wapi.

Kwa hiyo sisemi kwamba ugumu ni mwalimu. Ugumu usio na sababu humchosha mtu tu. Ninachosema ni kwamba watungaji wa mchezo wa pili waliondoa ugumu wa aina mbili kwa pamoja: ule uliokuwa kero na ule uliokuwa somo lenyewe.

Ugumu unaomfuata mwanafunzi

Jambo jingine linatuhusu sana sisi tunaohubiri kwamba kazi ilingane na uwezo wa mwanafunzi. Katika Oblivion maadui wengi hukua pamoja na mchezaji. Akiwa mchanga, hukutana na majambazi dhaifu. Akiwa hodari, majambazi wale wale huwa hodari. Hufika wakati mnyang'anyi wa barabarani amevaa deraya ya thamani kubwa mno, naye bado anadai vipande 100 vya dhahabu. Katika Morrowind mahali pengi pana ugumu wake wenyewe. Ukiingia pango lisilo la kiasi chako utauawa au utakimbia. Na ukirudi baada ya majuma utalipita kwa urahisi.

Kwa mtazamo wa kwanza Oblivion ndio unaofuata kanuni zetu, kwani kila mtu hupewa kazi ya kimo chake. Lakini mchezaji wake hulalamika kwamba, ajifunze asijifunze, mambo ni yale yale. Sababu ni kwamba hana kitu kilichosimama ambacho angejipima nacho. Mtoto hujua kwamba amekua anapoufikia msumari ambao mwaka jana hakuufikia. Msumari ukipandishwa kila anaporefuka, hatajua kamwe. Walimu tunaopanda kutoka zoezi hadi zoezi gumu zaidi bila kurudi nyuma tunamnyima mwanafunzi furaha hiyo. Zoezi lililomshinda mwezi wa pili na arudishiwe mwezi wa sita, bila kubadilishwa hata nukta.

Darasani

Sasa nirudi tulikotoka. Wakati mmoja nilikuwa nikiwatembelea wanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Mmoja wao, kijana mwenye bidii na mwandiko mzuri, alifundisha hesabu za mafumbo. Aliandika ubaoni: ukiona neno "jumla," jumlisha, ukiona "baki," toa, ukiona "kila," zidisha. Kisha akatoa mafumbo kumi. Darasa zima lilifanya vizuri, na furaha yake ilionekana usoni.

Nikaomba ruhusa niandike fumbo moja: "Asha aliuza maembe 5, yakabaki 12. Alikuwa na maembe mangapi mwanzoni?" Wengi mno waliandika 7. Waliona neno "yakabaki," wakatoa. Nikamwuliza mtoto mmoja iwapo yawezekana Asha alianza na maembe 7, akauza 5, akabakiwa na 12. Akacheka, akasema haiwezekani. Akili ya kulijibu fumbo alikuwa nayo. Hakuona haja ya kuitumia, maana mshale ulikuwapo.

Mwanachuo huyo sikumlaumu. Kanuni ile ya maneno nami niliwahi kuifundisha kwa miaka mingi, na alama za wanafunzi wangu zilikuwa nzuri. Hapo ndipo jambo hili linapouma. Mshale hauonekani kuwa kosa, kwa sababu matokeo yake ya leo ni mazuri, na hasara yake hulipwa na mwalimu wa mwaka ujao, au na mwanafunzi mwenyewe akiwa hayupo mwalimu yeyote. Na kadiri tunavyomhukumu mwanachuo kwa alama za darasa lake la siku moja, ndivyo tunavyomfundisha kuchora mishale.

Napendekeza basi mambo matatu kwa vyuo vyetu. Mosi, katika andalio la somo, mbali na lengo na zana, mwanachuo aandike ni msaada gani atakaotoa na ni lini atauondoa. Msaada usio na siku ya kuondolewa ni gongo la maisha. Pili, kila zoezi liwe na swali moja ambalo njia ya mkato hulijibu vibaya, kama lile la maembe, ili mwalimu ajue darasa limeelewa au limefuata mshale. Tatu, mkufunzi anayekagua arudi katika darasa lile lile baada ya juma moja au mawili, awaulize wanafunzi jambo lile kwa sura nyingine, na alama za mwanachuo zitegemee sehemu hiyo pia. Najua kwamba pendekezo hili la tatu ni zito, kwa kuwa shule ni nyingi na wakufunzi ni wachache. Hata hivyo, kukagua shule chache mara mbili kutatuambia mengi kuliko kukagua nyingi mara moja.

Oblivion ulitolewa upya kwa sura mpya mwezi Aprili 2025, mshale wake ukiwamo. Watu wengi wanaupenda, wala sina ugomvi nao. Mtu anayetafuta burudani jioni ana haki ya kufikishwa. Mwanafunzi hakuja shuleni kwa ajili hiyo. Mpwa wangu, baada ya kununa siku mbili, alilifungua lile daftari la safari, akasoma, akavuka daraja la kale, akaupata mpini. Kijisanduku chenyewe alikipita mara kadhaa kabla ya kukiona. Alipokipata aliniita kutoka chumba cha pili kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia alipokuwa akifuata mshale.

Wakufunzi wenzangu wenye maoni tofauti, hasa wa hisabati na jiografia, nawaomba waandike katika kurasa hizi watueleze wanaondoaje msaada wanaoutoa, na wameona nini walipouondoa mapema mno.